Mponyaji Aliyesimama Nyuma Yetu

Kwa miaka mingi watu wa kwetu walimjua Chifu kama mtu wa kusimama mbele. Mbele ya baraza, mbele ya askari waliokuwa wakishuka mtoni kuvunja mapipa ya pombe, mbele ya jeneza akisoma salamu za serikali. Kofia yake ngumu, fimbo fupi kwapani, na sauti iliyovuka bonde bila kipaza sauti. Kwa kweli alikuwa naibu wa chifu tu, lakini kule kwetu, chini kidogo ya mji wa Nkubu, hakuna aliyekuwa na wakati wa kutamka cheo kizima. Hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Chifu.

Ndiyo maana ilinichekesha, na baadaye ikaniuma, kwamba alipostaafu na kuingia katika mchezo wetu wa mtandaoni, mchezo wa mapango na majoka na uchawi, alichagua kuwa mponyaji. Mponyaji husimama nyuma.

Asiyeujua mchezo huo nimweleze. Unapoingia mara ya kwanza unaulizwa utakuwa nani, na ukishajibu hubadiliki tena. Kuna mbeba ngao, anayetangulia kupokea mapigo. Huyo alikuwa mimi. Kuna mpiga mishale. Wetu alikuwa kijana wa Manyatta, kule Embu, mwenye ulimi mrefu kuliko upinde wake. Kuna mchawi wa moto, anayeunguza kila kitu lakini ngozi yake ni karatasi, akiguswa mara mbili amekwisha. Na kuna mponyaji, ambaye hapigi mtu. Kazi yake ni kutazama vijistari vya uhai vya wenzake na kumrudishia damu anayepungukiwa. Nguvu zake za kuponya zina kipimo; zikiisha, husimama na kutazama watu wake wakianguka. Na katika mchezo wetu mponyaji hakuweza kujiponya mwenyewe.

Mchawi wetu wa moto alikuwa mwana wa Chifu.

Alikuwa rika langu. Tulisoma shule moja, tukaiba maparachichi ya misheni pamoja, na alipokwenda kufanya kazi ya ulinzi kwenye maghala huko Uarabuni, mchezo ndio uliobaki uwanja wetu. Kila jioni, akitoka zamu, tulikutana pangoni. Babake alimpigia simu miaka yote hiyo na hakupokea hata mara moja. Baadaye aliizuia namba yake, hata kuita haikuita tena.

Chifu alijua mwanawe yuko mchezoni kwa sababu ya ua. Kati ya boma letu na lake kuna ua wa kayaba, miiba mitupu, ambao haupitishi kuku lakini unapitisha kila neno. Jioni moja nilikuwa nimetoka Embu, ninakofanya kazi, nikawa nacheza kwenye veranda ya mama huku sauti ya simu iko juu. Mchawi wetu alikuwa akimkejeli kijana wa Manyatta kwa kupiga mishale kama mtu anayefukuza ndege wa mtama, kisha akacheka. Ng'ambo ya ua kulikuwa na panga likikata nyasi za ng'ombe. Likanyamaza.

Asubuhi yake nilimkuta amesimama upande wake wa miiba.

"Yule mliyekuwa mkicheka naye jana. Ni yeye?"

"Ni yeye, Chifu."

"Anacheka hivyo siku hizi?"

Nikamwambia hucheka kila jioni. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa ripoti, akarudi kwa ng'ombe wake. Baada ya siku chache akaja na simu mpya, bado ina karatasi yake ya nailoni usoni, akanitaka nimwekee mchezo.

Alisoma maelezo ya kila mhusika kama mtu anayesoma sheria ya Bunge, miwani puani, kidole kikifuata mstari. Alitaka kujua uchawi wa mle ndani unatoka wapi, nani ameutoa, na ukitumiwa vibaya mtu anashtaki wapi. Nilimwambia ni mchezo tu. Akasema hakuna uchawi wa mchezo. Kuna wenye mwenyewe na usio na mwenyewe. Na bado hakuuamini uchawi hata kidogo. Kazini aliletewa manyoya, vibuyu, mifupa iliyofungwa kwa uzi mwekundu, na kila mara aliuliza swali moja tu: kati ya mlalamikaji na mshtakiwa, mpaka wa shamba umepita wapi? Alizoea kusema kwamba hajawahi kuona mchawi asiyepakana na mtu.

Lakini mtu huyohuyo, aliyechoma vibuyu vya watu mchana kweupe, alikiogopa gichiaro.

Wameru wanaelewa, wengine niwaambie. Gichiaro ni undugu ulioapiwa zamani kati ya ukoo na ukoo mwingine usiohusiana nao kwa damu. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humkatai. Humdhulumu, humdanganyi, humfukuzi mlangoni. Ukifanya hivyo, mabaya hukuandama, na wazee wana hadithi za kutosha kukuondolea usingizi. Kwa upande mwingine, watu wa gichiaro wanaruhusiwa kutaniana na kutukanana mpaka mgeni adhani damu itamwagika. Kule kwetu watu wameachiliwa na askari kwa neno hilo. Chifu mwenyewe, wakati wa kazi, alikuwa na udhaifu huo mmoja, na wapika pombe wote waliujua. Mwenye pipa akitamka ukoo fulani wa upande wa Laare, Chifu alishusha fimbo, akamtazama pembeni, akamwambia aende.

Hapo ndipo penye kidonda.

Siku moja alivamia banda la pombe akamkuta mwanawe ameketi na wenzake. Kijana hakuwa mlevi; alikuwa ameingia kumfuata rafiki. Kesho yake kulikuwa na usajili wa makurutu wa jeshi uwanjani, na alikuwa amejitayarisha mwaka mzima, akikimbia milima ya kwetu kabla ya jua kuchomoza. Kila mtu aliyekuwa pale alijua Chifu angeweza kumfukuza kwa kofi na mambo yaishe. Hakufanya hivyo. Alimfunga pingu yeye mwenyewe, mbele ya watu, ili isisemwe kwamba sheria ya Chifu inaishia mlangoni pa Chifu. Kisha mmoja wa wale vijana wengine akasema yeye ni wa gichiaro. Chifu akamwachilia.

Mwanawe alilala seli usajili ukapita. Yule wa gichiaro alikimbia uwanjani, akachukuliwa. Leo ni askari.

Chifu hakuwahi kunisimulia habari hizi kwa mpangilio. Alizitoa vipande vipande, akifunga ndama, akimenya ndizi za kuchemsha, siku zote akianza katikati. Mara moja tu alisema jambo zima. Alisema mwanawe alijifunza siku ile kwamba kwa babake neno la mgeni ni zito kuliko damu. "Na mimi ndiye niliyemfundisha," akasema, akaendelea kumenya.

Ndipo utaelewa kosa lake.

Jioni ya kwanza alipoingia kikosini, mwanawe aliuliza huyu mponyaji mpya ni nani. Sisi wote tulizungumza kwa sauti. Chifu alikuwa ameniambia atasema maiki yake imekufa, aandike tu. Nilijua ataficha jina. Sikujua ataficha na nini. Maandishi yalitokea polepole, herufi kwa herufi, kidole kimoja: kwamba yeye ni mkulima wa miraa wa Laare, na kwamba ukoo wake ni ule wenye gichiaro na watu wa chini ya Nkubu.

Kisha mwanawe akacheka kile kicheko kilichosimamisha panga.

"Gichiaro! Ai, hapo umenimaliza, mzee. Wewe sasa siwezi kukunyima kitu."

Na kweli hakumnyima. Babake, aliyekuwa hapati hata salamu, alipewa nafasi ya kwanza katika kila mgawo wa hazina, akapewa vazi la kijani lenye nyota, akapewa matusi ya kila jioni. Mwanawe alimwita mla majani, mbuzi wa milima ya Nyambene, mzee asiyelala kwa sababu ya miraa. Naye alijibu kwa Kiswahili cha barazani: "Nimepokea matusi yako na nitayashughulikia." Nilikuwa nikiziba mdomo nisicheke hewani. Kijana wa Manyatta alisema mponyaji wetu anaandika kama notisi ya kuhama.

Nilihofia lugha ingemfichua. Mara moja, joka lilipotuzingira, aliandika: "Nawaomba nyote mrudi nyuma kwa utaratibu na bila kusukumana." Tulikufa wote kabla hajamaliza sentensi. Mwanawe akasema hewani kwamba kuna mtu fulani alikuwa akiongea hivyohivyo, kisha akabadili maneno haraka. Kuanzia siku hiyo Chifu alijifunza kuandika kifupi.

Kama mponyaji alikuwa wa ajabu. Miaka ya kugawa mahindi ya msaada wakati wa kiangazi ilimpa jicho. Alijua nani analia kwa sababu amezoea kulia na nani amenyamaza kwa sababu amekaribia kuanguka. Kijana wa Manyatta alilalamika kila pigo. Chifu alimwacha angoje, na mara nyingi alikuwa sahihi. Aliyekimbilia adui bila kuambiwa hakumponya mapema, akisema lazima ajue gharama. Mimi nilinyamaza nyuma ya ngao yangu, na mwanga wake wa kijani wa kuponya ulinifikia daima wakati ule ninapouhitaji.

Isipokuwa pale mchawi wa moto alipoguswa. Hapo hesabu yote ilimtoka. Mwanawe akikwaruzwa kidogo, Chifu alimmiminia nguvu zote alizonazo, hata mimi nikiwa nimebakiza pumzi, hata ngao yangu ikiwa imevunjika na sisi wote tukijua kwamba mbeba ngao akianguka kikosi kimekwisha. Tulishindwa vita vingi namna hiyo. Mtu aliyemfunga mwanawe pingu ili asionekane ana upendeleo alikuwa sasa akituua sote kwa upendeleo. Nilipomlaumu kwenye ua alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kosa, akaahidi kujirekebisha, na jioni ileile akarudia.

Mwishowe mwanawe mwenyewe alimwambia. "Gichiaro, nisikize. Mimi niache. Linda Ngao." Ngao ndilo jina walilonipa. "Mimi nilizoea kujisimamia tangu zamani."

Nadhani hilo ndilo pigo lililompata vibaya zaidi katika mchezo wote, na si la joka.

Kisha ikaja jioni iliyomfunga. Tulikuwa tumeshinda, tumeketi karibu na moto wa mchezo, wahusika wetu wakipashana joto lisilokuwepo. Mwanawe alikuwa na huzuni. Mwenzake wa kazini alikuwa amefiwa huko kwao na hakuruhusiwa kwenda. Akaanza kuongea na mponyaji peke yake, ingawa sote tulisikia. Alisema watu wa Laare hupita Nkubu kila siku, na kwamba ipo siku gichiaro wake atakutana na mzee mmoja chifu mstaafu.

"Nakuomba kama gichiaro," akasema. "Usinitaje kwake. Usimwambie niko wapi wala nikoje. Na usiniletee habari zake."

Jioni hiyo nilikuwa tena verandani kwa mama, nikatazama ng'ambo ya ua. Taa ya sebuleni kwake ilikuwa inawaka na kivuli chake kimeinama. Herufi zilitokea moja moja: "Nimekubali."

Alikuja uani kabla sijazima simu. Nilimwambia arudi sasa hivi akajitaje, amalize. Sauti yangu ilikuwa ya kumgombeza, jambo ambalo hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kumfanyia. Hakukasirika. Aliniita nkenye, yaani msichana, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo.

"Nkenye, gichiaro kikivunjwa, mabaya hayamtafuti aliyevunja peke yake. Yanaingia nyumbani. Na nyumbani mwangu amebaki nani?"

"Lakini ulidanganya, Chifu. Wewe si wa ukoo ule."

"Uongo ni wangu," akasema. "Yeye ameomba kwa kweli."

Akanikataza nami kusema. Jambo hilo lilikuwa lake, na akasema likitoka kinywani mwangu litakuwa limetoka kwake. Basi akabaki mle ndani, nyuma yetu, jioni baada ya jioni, akimponya mtu ambaye hangeweza kumwambia jina lake. Akaacha pia kumpigia simu. Alisema mtu aliyekubali kutopeleka habari hawezi kuzipeleka kwa mlango mwingine.

Mimi ni mwandishi wa hadithi; nimeandika watu wengi wa kubuni na wote walikuwa wepesi kuliko Chifu. Alikuwa mkali kwa watoto wanaotupa maganda njiani, na alilia wazi ng'ombe wake mzee alipochinjwa. Hakukubali kunywa chai kabla ya mtu mwingine. Kanisani aliketi karibu na mlango, akisema ni kwa ajili ya mgongo, lakini mama aliniambia hakuwahi kuketi mbele tena tangu mwanawe aondoke. Aliwaambia vijana kwamba sheria ni kama jembe, haimjui mwenye shamba. Halafu akafikiri kidogo na kuongeza kwamba hiyo ndiyo shida ya jembe.

Mchezo ukafungwa. Wenye mchezo walitangaza kwamba wachezaji wamepungua na mitambo itazimwa, wakataja siku. Jioni ya mwisho watu kutoka kila pembe walikusanyika kwenye uwanja wa mji mkuu, wachawi wakirusha moto hewani kama harusi. Hakukuwa na adui tena. Mwanawe akamgeukia mponyaji.

"Gichiaro, nipe namba yako. Nikirudi nyumbani nitakuja Laare nikuone. Na hili huwezi kunikatalia."

Nilimfahamu Chifu vya kutosha kujua anachokiona. Akitoa namba, namba hiyo mwanawe anaijua, na ahadi imevunjika. Akikataa, amemkatalia mtu wa gichiaro. Tulingoja maandishi. Hayakuja. Badala yake mponyaji aliinua fimbo yake na kile kijani kikamshukia mchawi wa moto, ambaye hakuwa na jeraha lolote, ambaye kijistari chake kilikuwa kimejaa. Akamponya tena. Na tena. Mwanawe akasema, "Mzee, mimi ni mzima, andika namba," na mwanga ukaendelea kumshukia mpaka nguvu za mponyaji zikaisha, na baada ya muda mfupi picha yote ikazimika.

Tangu hapo alizeeka haraka. Mama aliniambia anazungumza na ndama. Sikumwona kwa miezi kadhaa, mpaka aliponipigia simu Embu na kuniomba nimpeleke Laare.

Nilimpata amevaa suti ya baraza, debe la asali ya kuombea radhi magotini. Alikuwa ametumia jina la ukoo wa watu, akasema, na kabla hajafa lazima aende kwa mwenye jina aungame na kuomba kuoshwa. Labda wakimwosha, laana ikiwa ipo isimwendee kijana. Nilikuwa shahidi, kwa hiyo nikaendesha gari.

Mzee wa ukoo ule alitupokea kwenye veranda ya mbao, shavu limejaa miraa, pikipiki zikipita nje na mafungu yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa mcheshi. Alimuuliza Chifu kama ile suti ni ya kuja kumkamata. Chifu hakutabasamu. Alisimulia yote kwa Kimeru, akiwa amesimama: pingu, jina la uongo, ombi, ahadi, namba ambayo hakuitoa. Kwa mara ya kwanza nilisikia habari hizo zikitoka kwa mpangilio, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mzee aliacha kutafuna.

"Kijana alimwomba nani?" akauliza.

"Alimwomba mtu wa kwenu."

"Na mtu wa kwetu alikuwepo?"

Chifu akalitazama debe la asali.

"Hakuwepo," mzee akasema. "Gichiaro ni cha koo mbili. Pale palikuwa na ukoo mmoja, baba na mtoto wake. Hapakuwa na kitu cha kuvunja. Ungemwambia siku yoyote uliyotaka."

Alisukuma debe la asali kwa upole, likarudi miguuni pa Chifu. Akasema hana cha kuosha hapo, kosa hilo si la kwao, lilianzia nyumbani na linaoshewa nyumbani. Kisha, labda kwa kumwonea huruma, akaagiza chai. Chifu aliinywa kabla ya mwenyeji, nami nikajua kwamba hakuwa akiona kilicho mbele yake.

Tulipokuwa tukishuka milima ya Nyambene alilishika debe magotini. Kisha akasema, "Siku yoyote." Mbele kidogo akarudia, si kwangu.

Akaniomba nisimamishe gari kando ya mashamba. Akatoa simu, akampigia mwanawe. Haikuita. Basi akaandika, kidole kimoja, na hakunificha: *Ni mimi baba yako. Mponyaji wa Laare alikuwa mimi. Nilikosa siku ile ya pingu, na nikakosa kila jioni baada ya hapo.* Akatuma. Chini ya maneno hayo ikatokea alama moja ya kijivu, haikuongezeka. Akaniuliza maana yake ni nini. Nikamwambia ujumbe umetoka kwake lakini haujafika.

Nilimpa simu yangu. Mwanawe hunijibu mimi, nilimwambia. Tuma kwa hii, atasoma leo.

Aliishika, akaiangalia picha ndogo ya mwanawe ambayo kwake haikuonekana, amevaa sare ya ulinzi, amekonda. Aliiangalia mpaka kioo kikazimika chenyewe. Kisha akanirudishia.

"Hapana, nkenye. Sitaingia tena kwake kwa jina la mtu."

Nikawasha gari. Alikaa na simu yake wazi kwenye kiganja, akiigusa kila ilipotaka kulala, na tulipofika Nkubu alama ilikuwa bado ni moja.